Hilaire Tshimanga na Gari Lisilotaka Paa

Baba Padri, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Kikula na ninyi nyote mliokaa nasi katika kilio hiki tangu Jumatano, familia imempa Arsène, shemeji wa marehemu na mdogo wa mjane wake, kazi ya kusoma historia hii, naye ameiandika kwa kumtaja Arsène kwa jina kama mtu mwingine yeyote, maana akisema "mimi" sauti yake haitafika mwisho wa karatasi. Kabla ya yote tunaomba radhi kwa kelele za jana asubuhi, kwa kuwa tunajua kwamba penye kilio hakuna anayetwanga wala kupiga nyundo, na wengi mliuliza ni nani huyo asiye na adabu anayekata vyuma huku maiti hajazikwa. Jibu mtalisikia humu humu.

Marehemu Hilaire Tshimanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Likasi, wakati mji ungali ukiitwa Jadotville, katika kambi ya wafanyakazi ya Shituru, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alianza shule ya msingi Septemba 1963, akaingia shule ya ufundi mwaka 1970, akatoka Julai 1975 na diploma ya umakanika, ya kwanza katika ukoo wake, ambayo mama yake aliitundika juu ya kitanda, karibu na msalaba.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika gareji ya kampuni ya shaba, akatengeneza makamio, yale malori ya kubeba mawe ya madini, kwa miaka ishirini na saba, hadi alipotoka pamoja na wenzake wengi mwaka 2003, na hao wenzake walioketi pale mbele ni mashahidi kwamba hakuwahi kufunga nati bila kuifuta kwanza, jambo lililowachosha wakubwa wake wote.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Mado, katika parokia yetu hii, na kwa kuwa gari waliloahidiwa halikufika, bibi harusi alipandishwa kwenye kamio iliyofunikwa turubai kwa ajili ya vumbi la kiangazi, akaketi gizani na gauni lake jeupe kati ya magunia mawili ya makaa, mpaka nyumbani kwa wakwe. Alipoteremka alimwambia mumewe maneno ambayo familia nzima inayajua: "Siku ya ndoa yangu sikuonaka ata mbingu." Marehemu akamjibu mbele ya watu, na wengine walidhani ni utani wa bwana harusi: "Siku moya nitakubeba na mbingu yote juu ya kichwa yako." Mungu aliwajalia watoto watatu, Fortunée, Chadrack na Sephora, na wajukuu saba.

Novemba 2004, alipokwenda Panda kutengeneza kinu cha mahindi cha mama mmoja mjane, marehemu aliona katika kibanda cha kuku gari dogo la mbio, la viti viwili, la mwaka 1962, lile ambalo kwa Kifaransa tunaliita décapotable, yaani lililo wazi juu, lililoachwa na Mzungu aliyerudi kwao, na kuku wawili walikuwa wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Akaomba gari hilo badala ya malipo, yule mama akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwongezea na kuku mmoja.

Kazi ya kulifufua ilichukua miaka ishirini, na sisi ndugu tulimcheka wazi wazi, lakini aliunyoosha mwili wote wa gari kwa mkono, akaupaka tena rangi yake ya kwanza, nyekundu ya divai, akashona viti kwa ngozi ya Lubumbashi, na vitu vya kisasa akaviweka mahali visipoonekana: breki za gari jipya nyuma ya magurudumu ya zamani, taa zisizokula betri ndani ya vioo vyake vya zamani, mikanda ya usalama, na redio inayoshika simu, iliyofichwa nyuma ya uso wa ile redio ya Mzungu. Aliyemuuliza kwa nini anaficha mambo mazuri hivyo alijibiwa: "Muzee anaweza weka meno ya mupya, lakini asicheke sana." Kioo cha mbele, kitu cha mwisho kilichokosekana, kilifika Desemba 2024, naye akapanga kumpeleka Mado kwenye maporomoko ya maji ya Mwadingusha mwezi wa Mei, barabara zikikauka, na hiyo siri walikuwa nayo wawili tu.

Januari 2025 mapafu yalianza kumsumbua, na tarehe 20 akalazwa Lubumbashi, ambako alikaa miezi miwili. Hapo ndipo Arsène anaingia katika historia hii, na ingekuwa heri asingeingia. Arsène ni mchomeleaji vyuma wa Kamatanda, anatengeneza milango na matoroli ya wachimbaji, na kila alipopita uani aliona mvua inalipiga lile gari chini ya turubai lililochanika, akasema moyoni kwamba shemeji yake amepatwa na ugonjwa kabla ya kumaliza kazi. Aliwaita wenzake wawili, akawaambia, "Gari ya namuna gani inakosa kichwa? Muzee atarudia hapa, tumupatie nyumba ya mutu muzima." Kwa siku tatu wakakata mabati mazito, wakachomelea paa, wakalisugua, wakalipaka nyekundu, na Arsène hakuwahi kufanya kazi safi kama ile maishani mwake. Mado alikuwa Lubumbashi kando ya kitanda, hakuwapo wa kumkataza.

Jumamosi tarehe 22 Machi marehemu alirudi nyumbani, na sote tulikuwa tumejipanga uani tukipiga makofi. Alilizunguka gari polepole, akishikwa mkono na Fortunée, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa chuma kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Soudure iko muzuri, haina ata tundu moya. Asante, shemeki." Mado aligeuka, akaingia jikoni. Sisi tulidhani ni furaha.

Zawadi ya shemeji hairudishwi, hiyo ni sheria yetu, na aliyetupatia dada yake hatumwaibishi wala yeye hatuaibishi, kwa hiyo marehemu alimkataza mkewe kusema. Siku kumi na nane zilizobaki alikuwa akiomba aketishwe garini pale uani, Mado kando yake, kioo cha dirisha kimeshushwa, na majirani walimwona Mado akitoa mkono nje, ameugeuza kiganja juu. Arsène alikuwa akipita na kuwasalimu, anatazama paa lake, anajisikia mtu.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minane. Alhamisi, kwenye mkeka, Arsène aliuliza kama lile gari lifuate jeneza, na hapo dada yake akamwambia yote, bila hasira, akamaliza hivi: "Ulifanya ju ya mapendo, mudogo wangu. Lakini nilirudia tena mu ile kamio ya ndoa." Arsène hana jambo lililowahi kumuuma kama hilo. Alipiga magoti mbele ya mjomba Fidèle, mkubwa wa familia, akaomba ruhusa ya kuvunja mwiko wa kilio, na mjomba akasema, "Kata. Ile kelele ni marehemu mwenyewe anaiomba." Ndiyo kelele mliyoisikia jana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lubumbashi, wenzake wa gareji, parokia, na majirani waliopika, waliochota maji na waliovumilia ile mashine. Gari liko nje, kingo zake bado zina makovu ya moto, na Chadrack ndiye atakayeliendesha nyuma ya jeneza. Mado ataketi kiti cha pili. Mawingu tunayaona, hata sisi, lakini tunawaomba, mvua ikinyesha njiani, mtu yeyote asimfunike kwa mwamvuli.

Shemeki Hilaire, paa nimeliondoa. Pumzika kwa amani.