Boya la Orvin Kidole

Benchi letu liko ndani ya duka la chambo la LaVonne, kati ya jokofu la funza na birika la kahawa, maana kukaa nje Februari hii ni kazi ya kichaa. Dirishani unaliona ziwa lote limeganda, na vibanda vyetu vya kuvulia vimetapakaa juu ya barafu, kila kimoja na bomba lake la moshi. Jumanne ile tulikuwa watatu: mimi, na Duane tunayemwita Waya, kwa kuwa haamini kitu duniani isipokuwa kile kispringi anachofunga nchani mwa ufito ili kicheze samaki akidonoa, na Verlyn Televisheni, mwenye mashine ya kuonea samaki, ambaye hukitazama kioo chake zaidi kuliko anavyomtazama mkewe. Wa nne akaingia Orvin Kidole, akakaa bila kuvua kofia. Jina la Kidole alilipata kihalali. Miaka arobaini hakuwahi kutumia kifaa chochote. Mshipi aliupitisha juu ya kidole cha shahada, akafumba macho, akakwambia aliyegusa ni mkubwa au mdogo. Mwaka jana akaugua saratani. Dawa ziliifukuza, Mungu ni mkubwa, ila ziliua ncha za vidole. Tangu barafu ishike, hajatoa samaki hata mmoja.

Orvin: Jumamosi nakivuta kibanda nchi kavu. Nampa mkwe wangu, anataka kufugia kuku.

Mimi kahawa ilinipalia.

Waya: Kuku! Kibanda ulichokijenga kwa mikono yako?

Orvin: Mikono yenyewe ndiyo iliyokwisha, Waya.

Waya: Acha zako! Tatizo lako ni hilo boya linaloelea kwenye tundu la barafu. Mtu mzima na akili zako unavulia boya! Samaki wetu huyu wa kikaango, krapi, hagongi mlango, bwana, anapumua tu. Springi inasikia hata pumzi.

Orvin: Nilijaribu ile uliyonipa. Naiona inacheza, sijui ni samaki au ni mkono wangu unatetemeka.

Waya: Basi tunafunga mbili! Moja ya samaki, moja ya mkono. Unatoa hii kwenye ile, kinachobaki ni samaki.

Televisheni: Hesabu hiyo hata mwalimu angeitoroka. Mzee, chukua mashine. Unamwona samaki kabla hajafika: mstari mwekundu huo, unapanda, unapanda, paf! Macho si mazima?

Orvin: Mazima. Lakini juzi wewe ulikaa saa tatu nzima unautazama mstari mwekundu.

LaVonne (kutoka kaunta): Kumbe ni chambo chake mwenyewe!

Televisheni: Subira huvuta heri, mama.

LaVonne: Heri gani? Ulivuta funza wako yuleyule.

Nikaona nisipitwe.

Mimi: Orvin, funga mshipi sikioni. Sikio halikuguswa na zile dawa.

Waya: We! Dawa zinapita mwili mzima.

Mimi: Kwani wahenga walisemaje? Sikio la kufa halisikii dawa!

Orvin akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

Orvin: Langu bado halijafa, asante.

Televisheni: Basi mbwa. Mbwa anasikia tetemeko la ardhi siku mbili kabla, sembuse samaki? Mlaze pembeni ya tundu. Akiinua sikio tu, vuta!

Orvin: Wangu anainua sikio nikifungua soseji.

Televisheni: Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa atajifunza.

Waya: Mbwa ana miaka kumi na minne!

Tulicheka mpaka LaVonne akatujazia vikombe bila kuombwa. Orvin peke yake hakunywa. Alikuwa anavitazama vidole vyake.

Orvin: Nyie mnacheza. Boya nimelichukua kwa sababu angalau naliona. Nalo linanitia wazimu. Msimu mzima halijazama hata mara moja, kazi yake kulala ubavu. Nalisimamisha, linakaa wima kidogo, linalala tena. Upepo wa mwaka huu!

Waya: Upepo mbaya kweli. Umeng'oa antena yangu.

Mimi: Huo unatoka Kanada, hauna adabu.

Televisheni: Ndiyo maana nasema mashine. Mashine na upepo hawajuani.

Kwenye kaunta alikuwa amesimama binti mmoja akingoja funza wake. Ni Pa Houa, muuguzi mpya wa zahanati, wiki ya tatu hapa mjini. Akageuka taratibu, kwa heshima zote.

Pa Houa: Samahani, wazee wangu. Mzee anavulia nje?

Orvin: Nje na baridi hii, mwanangu? Nina kibanda. Kuta nne, paa, mlango na jiko la kuni.

Pa Houa: Sasa huo upepo unaingilia wapi?

Televisheni akageukia dirisha. Mimi nikachungulia kikombe changu.

Maana tunajua, jamani! Krapi hazamishi boya. Hukitwaa chambo kutoka chini, akapanda nacho. Uzito ukitoka kwenye mshipi, boya linalala. Watoto wetu tumewafundisha hivyo. Orvin hakuwahi kulihitaji somo hilo, kidole kilimwambia kila kitu. Na sisi, kila mmoja alikuwa anamuuzia kifaa chake. Hakuna aliyemuuliza boya lake linafanya nini. Aibu ilinishika, kisha furaha ikaja juu yake nikashindwa kukaa.

Orvin: Leo asubuhi tu limelala mara sita.

Waya: Sita!

Orvin: Na mimi nalisimamisha. Linalala, nalisimamisha.

Pa Houa: Baba yangu likilala anavuta, mzee. Hasubiri.

Orvin akainuka. Akachukua pakiti ya funza juu ya kaunta, ile ya Pa Houa, wala hakuna aliyemkumbusha. Akatoka, mlango ukaacha baridi yote ya kaunti iingie.

Hatukwenda nyumbani. Pa Houa alipewa nafasi kwenye benchi na kikombe, akauliza kama kuna sukari. Tulikunywa mpaka birika likakauka, na jua likawa linagusa miti ng'ambo ya ziwa.

Saa kumi na moja simu ya duka ikalia.

LaVonne: Duka la chambo. Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Akasikiliza. Kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuiweka simu katikati ya benchi, nasi tukainamisha vichwa. Hakuna aliyekuwa anaongea upande wa pili. Ulikuwa mkia mpana wa samaki unapiga ubao, pa, pa, pa, na mzee mmoja anacheka peke yake.