Sufuria Mbili za Mama Evodie

Papa na Mama mliokuja kulia pamoja nasi, ukoo umenipa mimi, Urbain, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Mama Evodie, na nitayasoma yote, hata yale ambayo wengine wangependa niyaruke.

Alizaliwa Zongwe tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Papa Grégoire, mvuvi, na Mama Clémentine, akasoma hukohuko hadi mwaka wa tano, mama yetu alipofariki naye akaacha shule ili atulee sisi wadogo. Mwaka 1980 alikuja Kalemie kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na tarehe 7 Agosti 1982 akafunga ndoa na Papa Jean-Baptiste, fundi wa reli, aliyetutangulia mwaka 2011, Mungu akawajalia wana wawili, Josias na David, ambao nawaona hapa, mmoja upande huu wa jeneza, mwingine upande ule.

Mwezi Agosti 2019 mtumbwi wa injini alioendesha David ulipinduliwa na dhoruba ukitoka Moba, na Élysée, mtoto wa Josias, akafa maji. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakusalimiana, na mama yao, aliyempoteza mjukuu na hakutaka kupoteza mwana, akawa kila Jumapili anapika sufuria mbili, ya mchana kwa Josias, ya jioni kwa David. Kushinda jikoni hivyo hakukumfaa mwenye shinikizo la damu, daktari alimkataza, naye akaitikia tu, kisha akaendelea kupika.

Jumapili iliyopita alipika sufuria moja, akawaita wote wawili pamoja. Josias alipomwona mdogo wake aligeuka palepale mlangoni, David naye akaondoka bila kukaa, bugali ukapoa, Mama akawagawia watoto wa jirani yake, Mama Mado, akamwambia, "Mama Mado, hii muzigo nimeibeba mpaka nimechoka, sasa wabebe wenyewe." Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024, moyo wake ulisimama, na mimi nina uchungu, sitaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wamama wa ndagala waliolala nasi hapa matangani. Tukitoka makaburini chakula kiko tayari, kimepikwa ndani ya sufuria yake moja, Josias na David watanawa wa kwanza, na hakuna atakayegusa tonge kabla yao.

Nenda kapumzike, dada yangu, amani iwe nawe, sisi tutakaa tuwangoje, hata bugali ukipoa.