Zamu ya Bi Pumzisha

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya ardhi na wanyamapori, Bi Pumzisha atastaafu. Atarudisha ufunguo wa pikipiki na buti za mpira ambazo, kusema kweli, hakuna mwingine anayezitaka. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wakulima waache vipande vya mashamba yao viote majani na miti, ili wanyama wapate pa kukaa na pa kupita.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipoanza kazi alikwenda kwa wenye mashamba na neno "hifadhi" mdomoni, kama alivyofundishwa chuoni. Hakujua kwamba kwa mkulima neno hilo lina maana moja tu: funga virago. Alikuwa akikaribishwa kiti, na akishalitamka, kiti kinaondolewa.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni Mzee wa Bondeni. Ukingo wa mto unaopita shambani kwake ulikuwa kiungo cha mwisho kati ya msitu na kinamasi. Ungelimwa, pongo na wanyama wenzake wangebaki wamefungiwa upande mmoja. Bi huyu akapigilia vigingi vyeupe kuonyesha mpaka. Aliporudi, alivikuta bustanini kwa mzee, vimesimama wima, vimeegemewa na nyanya.

Mwingine angeita polisi. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, akazisifu nyanya, kisha akauliza mbona shamba la juu halikulimwa. Mzee akamjibu kwamba analipumzisha. Ardhi nayo huchoka, na kuipumzisha si kuitupa. Hapo ndipo mwenzetu alipopata neno lake. Akamwomba aupumzishe na ukingo pia, msimu mmoja tu, na ardhi ibaki yake. Mzee akakubali, shingo upande.

Mvua kubwa zilipokuja, mto ulikula mashamba ya majirani, lakini ule ukingo wenye majani ulishika. Tangu hapo mzee akawa mhubiri kumshinda aliyemhubiria. Bonde zima likafuata, na pongo wanapita hadi leo. Huku ofisini Bi Pumzisha aliendelea kuguna kila ripoti ilipomlazimu kuandika "hifadhi", na kutunyima sukari kwa kuimaliza yote kwenye kikombe chake.

Hatutaficha: miezi ya karibuni hakuwa na raha. Mzee amewakabidhi wanawe kazi ya shamba, na vijana wana trekta jipya. Kila mara Bi Pumzisha alituuliza nani atausemea ukingo ule yeye akishaondoka.

Jibu tulilikuta wiki iliyopita, tulipompeleka kuaga. Kando ya ukingo wote vimepigiliwa vigingi vipya vyeupe, na waliovipigilia ni wanawe mzee wenyewe. Bi Pumzisha akalia waziwazi. Mzee, akijifanya hamwoni, akatuagiza tumwambie kwamba sasa ni zamu yake kupumzishwa, na kwamba kupumzishwa si kutupwa.

Dada yetu, ujumbe huo ndio huu. Asante kwa kila njia uliyoiacha wazi. Tunakuombea afya, furaha na wajukuu wasiotulia. Na ukipita bondeni usione haya kubeba kikapu: mzee anasema nyanya bado zinahitaji mtu wa kuzisifu.