Nguo Zilizofungiwa Stoo

Ndugu zangu wa chama chetu cha kusaidiana, swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mjinga ni sheria, au ni mimi niliyeisoma?

Mnanijua. Mimi nikinunua mkate, hadi nyumbani nitakuwa najiuliza kama ule wa pembeni haukuwa bora. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetoka chuoni akapewa kazi katika ofisi ya uvuvi hapa Mahajanga, awaeleze watu sheria.

Sheria gani, nawaambia! Zamani kisiwani kwetu Nosy Be kulikuwa na siku za mwiko, bahari ikapumzika, na mwiko haukuuliza mtu ana cheo gani. Akaja gavana na amri yake ya matundu ya nyavu. Tukapata uhuru, wakubwa wetu wakafuta neno "gavana", wakaandika "waziri". Kilichopata uhuru pale ni wino.

Amri inakataza matundu madogo, yasinase samaki wachanga. Vizuri. Sasa mkuu wangu, na viatu vyake vinavyong'aa, akamkamata nani? Kina mama wanaokokota nguo zao kuukuu majini kutanda uduvi! Eti nguo ina matundu madogo mno. Akazifungia stoo, ufunguo akanipa mimi.

"Mkuu," nikasema, "uduvi hata uzeeke hauzidi ukucha."

"Umejuaje?"

"Nimelelewa nao."

"Basi umelelewa kinyume cha sheria."

Nikamwonyesha meli ya kigeni ikikokota wavu ndani ya ghuba, ikitupa samaki wafu nyuma yake.

"Ile ina kibali," akasema, akapangusa viatu.

Mama yangu mdogo, ambaye nguo yake ilikuwa humo stoo, akanijia mlangoni. "Mwanangu msomi, nguo yangu imehukumiwa miaka mingapi?"

Swali hilo nikalala nalo. Chakula kikanishinda, nikawa naongea peke yangu njiani, mwisho nikarudishwa Nosy Be, kijijini Marodoka, kwa mama kama mzigo. Akaniuliza naumwa nini. Nikasema, sheria.

"Hiyo haina dawa. Kula uduvi huu upesi, mkuu wako asije kuupima."

Nilicheka, na baada ya kucheka nikala.

Namshukuru mama. Nawashukuru nanyi mlionilipia nauli ya kurudi hapa kazini bila kunisimanga. Somo langu ni dogo: bahari inahitaji sheria, lakini sheria inayomwona mwenye nguo na isiione meli ni kipofu wa kujifanya, na kipofu wa kujifanya haongozwi, huachwa.

Jana asubuhi nilifungua stoo mkuu akitazama.

"Kwa kifungu kipi?" akafoka.

Nikamwekea ufunguo mezani, nikabeba nguo zote hadi ufukweni. Mama mdogo akaikung'uta yake, akaingia majini, akanigeukia.

"Kazi huna tena. Haya, shika upande wa pili."

Mwanamume kutanda uduvi! Kwa mara ya kwanza sikuwaza. Nikavua viatu, nikashika.