Ndevu za Mchoraji wa Kunguru

Benchi la mbele ya hamamu ya Tsuru-no-yu halijapata kupoa tangu lipigwe msumari. Kushoto mashine ya kahawa za makopo, kulia ndala za waogaji, na katikati wazee watatu wenye taulo shingoni, ambao ukweli ukipita hapo lazima uwaamkie. Jioni hiyo aliyekaliwa kooni ni kinyozi Tokuji, jina la kijiweni Wembe. Jumamosi maktaba ya mtaa itakipa chumba cha watoto jina la marehemu Minazuki Makoto, aliyechora miaka thelathini katuni za Gankichi, kunguru mwizi wa sabuni. Sura yake hakuna aliyeijua. Gazeti likitaka picha, alijichora kunguru mwenye miwani. Wembe ndiye aliyeombwa kuhutubia, maana ndiye aliyejisifu kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba alimjua, na mjukuu wake Chinatsu ameshalitangazia darasa zima.

— Haya, thibitisha, — akasema Tofu, muuza tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, aliyeitamani hotuba hiyo mwenyewe.

Wembe akaeleza kwamba kila Alhamisi mhariri alikuja kudai kurasa, na kila Alhamisi Makoto alikimbilia kwake, akalala kitini na taulo la moto usoni.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilimficha, akazaa kurasa ishirini.

Dakika, kondakta mstaafu wa treni, akaitazama saa yake. Kwa maelezo yake, Makoto alichorea ndani ya behewa la mwisho la treni ya mzunguko, na yeye Dakika aliichelewesha treni dakika nzima ili wino ukauke.

— Treni yako ichelewe? — Tofu akacheka. — Si bora ungesema ilipaa.

Naye Tofu akaja na yake: mchoraji aliishi juu ya bomba la moshi la hamamu hii hii, akipandishiwa tofu kwa kamba, na kunguru ndio waliompelekea mhariri kurasa. Haba na haba, akasema, huvunja bomba.

Wembe akaona hotuba inamponyoka. Akaongeza moto.

— Nyie mlimwona kwa mbali. Mimi nimemnyoa ndevu miaka ishirini. Ndevu ngumu, mwanangu, zimenimalizia nyembe.

Mama mmoja aliyetoka kuoga, ndoo yake mkononi, alikuwa akitafuta ndala zake. Akasimama.

— Samahani, mzee. Zilikuwa za rangi gani?

— Nyeusi tii, mama.

— Makubwa. Mimi nimetoka Niigata kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Makoto ni dada yangu.

Makoto ni jina la mwanamume na la mwanamke vilevile, na miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuuliza. Wembe akamwona kichwani Chinatsu akichekwa mbele ya darasa zima.

Yule mama akacheka mpaka sabuni ikaruka ndooni.

— Jumamosi njoo uyaseme hayo hayo, bwana kinyozi. Dada yangu alikula miaka thelathini kwa uongo wa kunguru, angekufurahia sana.

Akavaa ndala, akapiga hatua mbili, akageuka.

— Lakini yule uliyekuwa ukimnyoa, alikuwa nani?

Tofu akamtazama Dakika. Dakika akaitazama saa. Wembe akalipeleka kopo lake la kahawa mdomoni, akalikung'uta, akachungulia ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha.