Santuri Ndani ya Bahasha ya Eksirei

Mzee aliyeketi mbele yangu basini alikuwa amepakata bahasha kubwa ya eksirei. Muuguzi aliyekaa kando yake akamwonea huruma. "Pole, baba. Umevunjika wapi?"

Mzee akanong'ona, kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva: "Mzima mimi, mwanangu. Humu mna santuri ya piano, jazi ya zamani iliyotolewa upya. Mama watoto amezipiga marufuku nyumbani."

"Na hii ni ya ngapi?"

"Ya sita mwezi huu."

"Bahasha sita! Si atadhani unakufa?"

Mzee akatafakari. "Kumbe ndiyo maana siku hizi napikiwa nyama, wala sigombezwi."

"Mwambie ukweli leo hii, baba!"

Basi likasimama. Mzee, aliyepanda akitembea vizuri kabisa, akashuka akichechemea. "Nitamwambia, mwanangu," akasema. "Nikishakula."