Mama Vipande, Mlezi wa Klabu ya Hadithi ya Jumamosi (1968–2025)

"Mtoto wangu akiandika mvua, ninyi mtatafuta miavuli. Watoto wa klabu hii wakiandika jambo, mtaliona kwa macho yenu."

Maneno hayo Marehemu aliyasema mwaka 2009, siku ya wazazi, akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki. Kipaza sauti kilikuwa kimezimika na yeye hana habari nacho. Wengi wenu mlikuwepo, na mlipiga makofi. Tunaomba mkumbuke kwamba mlipiga makofi, kwa sababu mwaka huu maneno hayohayo yamegeuzwa kuwa kesi, na mshtakiwa ni mtoto wa miaka tisa. Kwa hiyo wasifu huu, tuliouandika sisi wapwa na watoto wa kaka, una kazi mbili: kumuaga Marehemu, na kuimaliza kesi hiyo hapa hapa, mbele yake, kama alivyoagiza.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Juni 1968, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa reli na mkunga. Mama yake alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, lakini mtu hawezi kujizalisha mwenyewe, hivyo ikabidi aitwe mkunga wa mtaa wa pili, ambaye walikuwa hawasalimiani. Wawili hao walibishana kuhusu maji ya moto mpaka mtoto akatoka kuona kulikoni. Dada yake mkubwa anasema ndiyo maana maisha yake yote hakuweza kusikia mabishano nje ya mlango bila kuufungua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Akiwa darasa la tatu waliambiwa waandike insha, "Ng'ombe Wetu." Darasa zima likaandika kwamba ng'ombe ana miguu minne, ana mkia mmoja, na anatupa maziwa. Yeye aliandika kwa niaba ya ng'ombe, ambaye alilalamika kwamba amechoka kuhesabiwa miguu. Mwalimu alimpa alama mbili kwa kumi, na chini akaandika kwa wino mwekundu: "Ng'ombe hasemi." Baba yake alisoma, akauliza, "Na hizi mbili ni za nini?" Akajibu, "Za mwandiko." Alimaliza sekondari mwaka 1985, na mwaka 1987 akapata cheti cha uchapaji katika chuo cha ufundi.

Januari 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kazi ya kusoma prufu, yaani kusoma kila kitu na kusahihisha kabla mashine haijawashwa. Alisoma mitihani, kadi za harusi, risiti, na programu za maziko kama hii mliyoishika. Kuna kosa moja lililompita, na alilisimulia mwenyewe bila kuombwa. Mwaka 1991 familia moja ilileta wasifu wa baba yao, "mlezi mwema wa familia." Nakala mia tatu zikatoka zikisema "mlevi mwema wa familia." Marehemu alikwenda mwenyewe kwa mjane kupiga magoti. Mjane akavaa miwani, akasoma, halafu akasema, "Inuka, mwanangu. Hapo hamjakosea sana." Tangu siku hiyo Marehemu alisoma kila ukurasa mara mbili: mara ya kwanza kutafuta kosa, mara ya pili kuangalia kama kosa limesema kweli.

Ndoa yake nayo ilianza na kosa la herufi. Kwenye njia ya kwenda kazini kulikuwa na karakana ya fundi wa kuchomelea, na mbele yake geti jipya lenye maandishi makubwa ya chuma: KALIBUNI. Alivumilia wiki nzima. Siku ya nane aliingia, akamwambia fundi, "Kaka, hiyo ni R." Fundi akavua miwani yake ya kazi, akasema, "Dada, hiki ni chuma, hakifutwi." Kesho yake alipopita alikuta L imekatwa, pengo liko wazi, na fundi kasimama pembeni. "Sasa njoo unichoree hiyo R yako, maana mimi tangu nizaliwe ninaisikia L." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili. Mjomba fundi, tunakupa pole. Geti lile bado lipo, na R ndiyo herufi iliyonyooka kuliko zote.

Klabu aliianzisha Juni 2003, katika stoo ya karatasi nyuma ya kiwanda. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa inaacha vipande virefu, vyembamba, upana wa kiganja, vya kutupwa. Akaomba visitupwe. Watoto wakaketi juu ya maboksi, wakaandika humo maneno manne manne kwa mstari, na hadithi zikawa ndefu kama mikia. Alizitundika kwenye waya kwa vibanio vya nguo, na ukifungua mlango zote zinacheza. Ndipo alipopata jina la Mama Vipande. Baadaye kulikuwa na klabu nyingine mbili, moja maktaba na moja katika darasa la shule ya msingi, lakini stoo ndiyo iliyokuwa nyumbani.

Sheria zake zilikuwa chache. Hadithi ilisomwa kwa sauti na aliyeiandika. Kusifu kulikatazwa, kukejeli kulikatazwa. Msikilizaji aliruhusiwa kuuliza tu. Na kulikuwa na mtu mmoja aliyepigwa marufuku kuingia klabuni. Mtoto akisoma, "Nilikuwa nimelala, ghafla bin vuu..." Marehemu alikuwa anainua mkono. "Simama hapo. Huyu Ghafla mtoto wa Vuu ni nani?" "Mwalimu, ni msemo tu." "Kwao wapi? Mama yake anajua kwamba kila hadithi yumo?" Watoto wanacheka, mwandishi anacheka, halafu anaulizwa kwa upole: kitu gani hasa kilitokea, na ulikisikia kwanza au ulikiona kwanza? Walimu wa shule walimlalamikia kwamba anawanyima watoto alama za misemo. Aliwajibu kwamba misemo wataikuta shuleni, imejaa tele. Yeye anatafuta mtoto mwenyewe yuko wapi.

Sasa tunafika kwenye kesi.

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, daktari alimweleza Marehemu kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Waliojua ni watu wawili, mumewe na dada yake mkubwa. Aliwakataza kusema. Hakutaka watoto wamwandikie hadithi za huruma. Alisema huruma inaharibu sentensi.

Katika klabu kulikuwa na binti wa fundi cherehani. Watoto walimwita Bibi Harusi, kwa kuwa mama yake alishona magauni ya harusi na yeye hakuandika kitu kingine. Hadithi zake zote ziliishia kwa watu kuoana, mpaka paka na mlinzi wa kiwanda, kila mmoja na wake. Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025, Marehemu akamwambia, "Mwanangu, mtaa mzima umeshauoza. Leo niandikie jambo lingine lolote, lisilo na keki." Mtoto akafikiri: watu wengi, nguo nzuri, viti vya kukodi, hakuna keki. Akaandika maziko. Na wa kuzikwa akamweka Mwalimu.

Hadithi ilisomwa kwa sauti, kama sheria ilivyotaka. Ndani yake viti havikutosha, mvua ilikataa kunyesha kwa heshima, na katikati ya wasifu marehemu aliinua kichwa kutoka kwenye jeneza akasema, "Hapa pana kosa." Stoo nzima ililia kwa kicheko. Marehemu alicheka akiwa ameshika meza. Kisha akauliza swali lake, "Kwa nini mimi?" Mtoto akajibu, "Nilitaka maziko yenye watu wengi."

Marehemu peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua. Akasema, "Jibu zuri," akaitundika hadithi kwenye waya, mbele kabisa.

Mwishoni mwa Aprili mwili ulimsaliti na siri ikatoka. Hapo ndipo mtaa ulipoanza kuunganisha mambo bila kuuliza tarehe. "Kitoto kile kina mdomo wa uchuro." "Si alisema mwenyewe? Wakiandika jambo mtaliona kwa macho." "Mwenzangu, mimi wangu nimeshamtoa, kasije kakatuandika na sisi." Vibanio vikabaki kwenye waya bila kazi. Binti wa fundi cherehani hakuandika tena. Shuleni, katika mtihani wa insha, alirudisha karatasi yenye jina lake tu. Usiku mama yake alimkuta ameamka anapekua nguo zake, akitafuta kalamu zote azitupe.

Jumamosi, tarehe 17 Mei, mama huyo alimpeleka hospitali alikolazwa Marehemu. Tuliokuwepo tulisikia.

"Mwalimu, nimemleta akuombe radhi."

"Radhi ya nini? Ya tahajia?"

"Ya ile hadithi."

Mtoto alikuwa anatazama sakafu. "Mwalimu, nikiifuta?"

"Ukiifuta nitapona?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi tusikisie, tujaribu. Andika kwamba nimepona."

Vipande havikukosekana kwenye mkoba wake. Mtoto akaketi kwenye kona ya kitanda, akaandika, akajaza vipande vitatu. Mwalimu alipona, akatoka wodini kwa baiskeli, akagombana na mlinzi getini kwa sababu kibao kilikuwa na kosa. Alisoma kwa sauti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliuliza maswali.

Jumamosi iliyofuata walirudi. Marehemu alikuwa hawezi tena kuketi, na macho yake yamekuwa ya manjano.

"Ile hadithi uliiandika vizuri?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu ulikiacha? Baiskeli ilikuwa na kengele?"

"Ilikuwa nayo."

"Na mimi niko hapa hapa. Umeona? Kalamu yako ni nzuri sana, lakini kazi hiyo haiiwezi. Hadithi ya kwanza haikunipa ugonjwa, ya pili haikuniponya. Ungekuwa na uwezo huo, mimi ningekuajiri zamani."

Mtoto akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu maneno yaanze. "Lakini hii nilitaka iwe kweli."

"Hata mimi, mwanangu," Marehemu akasema. "Hata mimi."

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu alitoka nje, akarudi baadaye kuimalizia.

Siku zilizobaki Marehemu alizitumia kutoa maagizo, na hakuna aliyemshinda kwa maagizo. Alisema kosa la kuficha ni lake, na lisomwe kuwa ni lake. Alisema tarehe zote ziandikwe kwenye programu na zisomwe polepole: ugonjwa, Januari, hadithi, Machi. Tumezisoma. Anayetaka kuzisikia tena aje baada ya maziko, tutamsomea mpaka zimwingie. Aliagiza pia kwamba hadithi zote mbili, ya maziko na ya baiskeli, zichapwe katika kijitabu kimoja zikiwa na jina la mwandishi kwenye jalada, na zisisahihishwe hata pale "jeneza" lilipoandikwa "geneza." Kwa mtu aliyesahihisha maandishi ya wengine kwa miaka thelathini na saba, tulijua hilo lilimgharimu.

Alitutoka Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Mtoto yupo hapa leo, safu ya tatu, pamoja na mama yake. Wiki iliyopita alikwenda stoo mwenyewe akauliza kama vipande bado vinakatwa. Mkigeuka kumtazama, mtazameni kama mnavyomtazama mtoto yeyote aliyefiwa na mwalimu wake.

Marehemu ameacha mume, binti yake ambaye ni muuguzi, mwanawe ambaye anachomelea pamoja na baba yake, wajukuu watatu, dada wawili na kaka mmoja, sisi wapwa na watoto wa kaka ambao alitusahihisha mpaka salamu, na watoto wa klabu tatu. Alale salama, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwamsha asome prufu.

Tangazo moja la familia kabla hatujaelekea kaburini. Kijitabu kimetoka mashineni jana. Marehemu aliagiza kisigawiwe bure. Alisema maneno ya bure mtaa huu unayo ya kutosha. Nakala ziko mezani, upande wa kutokea, na anayeuza ni mwandishi mwenyewe.

Bei ni shilingi mia moja.